Kanna Yenye Mistari ya Njano

Mzee wa kisa hiki sitamtaja jina, kwa kuwa yumo katika kila mtaa. Tumweke pembezoni mwa Moshi, upande wa juu, huko ambako mfereji bado unapita nyuma ya nyumba na mimea ya masale ndiyo mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani. Ni mwalimu mstaafu. Marehemu mkewe alimwachia safu ya kanna nyekundu kando ya uzio, kuanzia getini mpaka kwenye banda la ng'ombe, na tangu amzike hapakuwa na kitu alichokitunza kwa moyo kuliko safu ile. Majani mapana, shina la kufika kifuani, ua jekundu lisilokoma kuchanua maadamu maji yapo. Wapita njia walikuwa wakisimama kuitazama, hata wenye haraka zao.

Masika yakikaribia, watu walianza kubisha hodi.

“Shikamoo, mwalimu. Nimekuja kuomba mbegu.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, chagua shina.”

Hakumuuzia mtu hata siku moja. Kanna zake zilipandwa kanisani, zikapandwa zahanati, zikapandwa kwenye shule ya msingi aliyofundisha, na katika nyumba nyingi kuliko alizoweza kuzikumbuka. Ndivyo maua yanavyosafiri kwetu. Ni wachache wanaonunua mche wa kanna, tunaombana. Ukimpa mtu ua umeingia nyumbani kwake, na kila likichanua anakutaja kwa wageni wake. Hilo ni jambo jema, na sitaki mtu amalize kusoma akadhani nalilaumu.

Na kazi yenyewe mzee aliijua barabara. Alikata mashina yakabaki kimo cha kiganja. Akachimba kwa kuzunguka, mbali kidogo na shina, kwa jembe lenye meno ili asiyajeruhi matunguu. Akainua bonge zima, akalitikisa, akalisuuza kwenye mfereji hadi matunguu yakaonekana vizuri: meupe, yenye pingili, yamepandana, na kwenye pingili yamechomoza macho yenye wekundu kwa mbali. Ile sehemu ya katikati iliyozeeka, ngumu na isiyo na jicho hata moja, aliitenga. Za pembeni alizikata vipande, kila kipande kikiwa na macho mawili au matatu na mizizi yake. Kidonda alikipaka majivu, akaviacha vipande kivulini siku moja vikauke, kisha akavipanda kina cha sentimita 10 hivi, vikiachana kama nusu mita. Kanna isiyogawanywa miaka mitatu minne hujibana, maua hupungua na katikati pakawa pakavu. Kwa hiyo alipogawa alikuwa pia anaihuisha safu yake.

Mtu atauliza kwa nini wasipande punje. Kanna huzaa punje nyeusi, ngumu ajabu, ambayo ni lazima uikwaruze kwa msasa na kuiloweka kwenye maji ya uvuguvugu ndipo iote. Lakini kanna nyingi za bustanini ni za kuchanganywa. Kazi hiyo ya kuzichanganya ilianza Ufaransa katika miaka ya 1840, kwa mikono ya Théodore Année, na punje za mchanganyiko hutoa watoto wa kila namna: wafupi, warefu, wa rangi ya chungwa, wa njano. Aina nyingine hazizai kabisa. Anayetaka wekundu ule ule wa marehemu mama mwenye nyumba hana njia nyingine ila kugawa tunguu.

Hapo ndipo ilipo elimu yote ya kisa hiki. Kipande ulichokata si mtoto wa mmea. Ni mmea ule ule, umehamia mahali pengine. Rangi inakwenda nao, kimo kinakwenda nao, na kama ulikuwa na ugonjwa ndani ya utomvu, ugonjwa unakwenda nao.

Mwaka mmoja mpwa wake alirudi kutoka Arusha na kiroba. Ndani mlikuwa na bonge la kanna alilopewa na mtunza bustani wa ukumbi mmoja wa harusi. Majani yake yalikuwa na michirizi ya njano. “Mjomba, hii huku kwenu haipo,” kijana alisema, na kweli haikuwapo. Mzee aliipanda siku hiyo hiyo mahali pa heshima, getini kabisa, kichwani mwa safu ya mkewe.

Iko kanna halali yenye mistari ya njano, na ni nzuri sana. Lakini mistari yake ni ya mpangilio: inatoka kwenye mshipa wa katikati ya jani hadi ukingoni bila kukatika, sambamba, jani hadi jani, na mmea wenyewe una nguvu. Ile ya kwenye kiroba haikuwa hivyo. Njano yake ilianza na kuishia njiani, ikafuata vishipa huku na kuviacha kule, na kwenye majani ya chini ilikuwa imeshaanza kugeuka kahawia. Ungeliinua jani lake ukalitazama kwa mwanga wa jua, ungeona mabaka yaliyovunjikavunjika. Mzee hakuliinua jani. Aliona kitu kipya, akafurahi.

Masika yaliyofuata kila aliyebisha hodi alitaka ile ya getini. Basi mzee akaanza na hiyo. Aliikata vipande, akawapa waliotangulia, kisha kwa panga lile lile, likiwa bado limelowa utomvu, akaingia kwenye nyekundu. Safu nzima aliigawa siku ile, kutoka getini mpaka bandani, na panga halikupanguswa hata mara moja. Mabaki yenye matunguu mazee aliyatupa mferejini, maji yakayachukua.

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu mambo matatu yalitokea siku moja na kila moja lingetosha peke yake. La kwanza, vipande vya mmea mgonjwa viliingia nyumba za watu. La pili ni panga. Virusi vya kanna viko vya aina kadhaa, na baadhi yake huhama kwa utomvu tu: ukikata shina lenye ugonjwa kisha ukakata lililo zima, umeshachanja. La tatu ni mfereji. Tunguu la kanna halifi kwa kutupwa. Lenye jicho moja likikwama kwenye tope huota. Wenye vihamba vya chini walikuja kuona kanna zimejiotea kando ya maji, wakashukuru Mungu, wakazihamishia nyumbani.

Kazi iliyobaki ilifanywa na vidukari. Mdudu huyu mdogo anayejibana chini ya jani changa hufyonza utomvu kwenye mmea mmoja na kwenda kuonja mwingine, na kuonja kwa muda mfupi tu kunatosha kupeleka baadhi ya virusi hivi.

Mwaka wa kwanza baada ya hapo hakuna aliyeona neno. Kanna ikikua kwa kasi kwenye mvua inaweza kuficha ugonjwa; majani machanga yanatoka kijani safi, na dalili zinakuja jani likikomaa au kiangazi kikibana. Mwaka wa pili nyekundu zilianza kuwa na michirizi. Mzee alidhani ardhi imechoka. Akaweka samadi. Akaongeza mbolea ya dukani. Mimea ikanenepa kidogo, michirizi ikabaki. Mwaka wa tatu maua yalitoka madogo, petali zikiwa na madoa na alama za kupauka, majani mengine yamejikunja, na shina lililokuwa likifika kifuani likawa linaishia kiunoni.

Mzee huyu hakuwa wa kwanza kuupenda ugonjwa kwa sababu ya sura yake. Uholanzi, katika miaka ya 1630, watu walipagawa na tulipu zenye miali ya rangi mbili. Iliyosifika kuliko zote iliitwa Semper Augustus, nyeupe yenye miali myekundu, na kitunguu chake kimoja kilitajwa kwa bei ya kumpatia mtu nyumba nzuri mjini Amsterdam. Februari 1637 bei zikaporomoka. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba miali ile ni kazi ya kirusi kinachoenezwa na vidukari na kurithiwa na kila kitunguu kidogo kinachochipua ubavuni mwa mama. Ilichukua karibu miaka 300: ni mwaka 1928 ndipo Dorothy Cayley, wa taasisi ya John Innes nchini Uingereza, alipoonyesha kwamba mabadiliko yale ya rangi ni maambukizi, yanayoweza kupitishwa kutoka kitunguu hadi kitunguu. Kirusi kilikidhoofisha kitunguu, kitunguu kikazaa vichache, uchache ukapandisha bei, na bei ikawafanya watu waulee ugonjwa kwa bidii zaidi. Semper Augustus yenyewe leo haipo.

Kanna nazo zimepitia hayo karibu zaidi na wakati wetu. Katika miaka ya 2000 wakulima na wakusanyaji wa kanna huko Ulaya walipata hasara kubwa, na mwaka 2007 watafiti wa Uingereza walikieleza kirusi cha michirizi ya njano ya kanna, ambacho kabla ya hapo hakikuwa kimeelezwa. Aina zilizokuwa zimetunzwa kwa vizazi kwa kugawanywa tu zilikuwa zimegawanywa pamoja na maradhi yake.

Aliyemfumbua macho mzee hakuwa mtaalamu wa maua. Alikuwa mama mmoja mzaliwa wa Muheza, aliyeolewa mtaa ule, ambaye naye alikuja kuomba mbegu. Alisalimia, akaketi, akapewa chai. Kisha akatembea kando ya safu, akashika jani, akaligeuza, akaliinua juani.

“Baba,” akasema, “samahani, lakini hii si rangi. Hii ni maradhi. Kwetu tunayajua kwenye muhogo.”

Alikuwa na haki ya kuyajua. Batobato na michirizi kahawia vimewafilisi wakulima wa muhogo wa Pwani na Tanga tangu zama za mababu, na michirizi kahawia ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha Amani, huko huko milima ya Usambara juu ya Muheza. Mkulima anakata pingili kwenye shamba linaloonekana zima, anampa shemeji yake, shemeji anapanda ekari nzima, na siku ya kuvuna anapasua muhogo anakuta ndani kumeoza kukavu, rangi ya kahawia, haulishi hata nguruwe. Nzi weupe wanaeneza shambani, lakini safari ya wilaya hadi wilaya ugonjwa unabebwa na mkono wa mtu, tena mkono wa mtu mwema. Mama yule alikuwa ameona shamba la mamaye likienda hivyo. Aliomba radhi kwamba hatachukua mbegu.

Mzee alikasirika. Sitaficha hilo, maana hasira ile ndiyo inayowachelewesha wengi. Alimwambia kanna si muhogo. Lakini usiku hakulala, na asubuhi alimwita bibi shamba wa kata. Bibi shamba alitazama, akauliza mbegu zilitoka wapi na zilikwenda wapi, akasema jambo ambalo mzee alitumaini hatalisikia: hakuna dawa. Mmea ukishaingiwa na kirusi hauponi kwa kupuliziwa kitu chochote kinachouzwa dukani. Dawa ya wadudu inaua vidukari na kumwacha mgonjwa wao amesimama pale pale. Zipo maabara zinazoweza kukuza mmea safi kutoka kwenye ncha ndogo kabisa ya chipukizi, ila kwa mtu wa kawaida na uzio wake, kazi iliyobaki ni kung'oa.

Bibi shamba akaonyesha pia upande wa pili wa uzio. Jirani alikuwa na maharage chini ya migomba. Miongoni mwa virusi vinavyokutwa kwenye kanna kimo kile cha batobato njano ya maharage, na kingine, cha batobato ya matango, hushika migomba, nyanya na pilipili pia. Sikusudii kusema kwamba kila kanna yenye michirizi itaangamiza shamba la jirani. Nasema ua linaloonekana ni la pambo tu linaweza kuwa ghala la ugonjwa wa chakula, na mwenye maharage hakuulizwa.

Safu ya marehemu iling'olewa siku tatu. Mzee alichimba mwenyewe, akatafuta hadi pingili za ukubwa wa kidole, kwa sababu iliyosahaulika huota. Hakuzitia kwenye shimo la mboji wala hakuzitupa tena mferejini. Alizianika kwenye bati zikakauka, akazichoma.

Hiyo ilikuwa sehemu nyepesi. Nzito ilikuwa kurudi nyumba kwa nyumba kuomba iharibiwe zawadi aliyoitoa mwenyewe. Shuleni mwalimu mkuu alikubali pale pale, na wanafunzi wakang'oa kwa nusu siku. Kanisani ilibidi jambo lipite kwenye kikao cha wazee. Kijana mmoja anayeuza miche kwenye makopo kando ya barabara alikataa kata kata. Alikuwa amepewa kipande kimoja, sasa anavyo makopo mengi, na wateja wanapenda ile ya mistari. Aliendelea kuuza. Kila kopo lililopakiwa kwenye gari lilikwenda mahali ambapo mzee hangeweza tena kupafuata.

Na kulikuwa na mjane aliyeipanda kaburini kwa mumewe. Kwake mzee alikwenda na jani la isale mkononi, maana kwa Wachaga anayekuja na isale amekuja kuomba msamaha, na si rahisi kumfukuza. Mjane alilipokea jani, akamsamehe, akalia, na akakataa kuing'oa. Mzee alimwomba basi angalau asimpe mtu mbegu yake. Akaahidi. Wakaachana hivyo.

Hapa sikubaliani na mzee, ingawa naielewa huruma yake. Ahadi ya mjane inamfunga mjane, haimfungi kidukari. Alipaswa kurudi tena na tena, kwa upole, na kipande cha ua jingine mkononi, zima, cha kupandwa pale kaburini badala ya lile. Masale yenyewe yangefaa, na yana heshima kuliko kanna. Chanzo kilichoachwa mahali pamoja kwa huruma kinawarudia wale wote waliokubali kung'oa.

Yote haya yangezuilika kwa mambo yasiyohitaji fedha. Ua geni lingekaa peke yake kwenye kopo, upande wa pili wa nyumba, likapita mvua na kiangazi mpaka majani yake yaliyokomaa yatoe ushahidi. Shina lingechaguliwa wakati majani bado yamesimama, maana ukishayakata yote huna tena cha kukagua. Mmea wa kugawa uwekewe alama ya kamba mapema, ungali na majani na maua. Kipande kisingetoka kwenye mmea dhaifu kwa sababu tu mtu anautaka. Panga lingepanguswa utomvu na kuchovywa, kila baada ya shina moja, kwenye maji ya klorini yale yanayouzwa kwa kung'arishia nguo nyeupe, sehemu moja kwa tisa za maji, na mwisho wa kazi lingesuuzwa na kupakwa mafuta lisiliwe na kutu. Kazi ingeanza na mimea ya zamani inayojulikana, ile ngeni ikawa ya mwisho. Na mwenye kugawa angekuwa na daftari la kuandika nani kachukua nini. Mwalimu mstaafu kuliko mtu yeyote angeliweza hilo.

Hayo hayaihusu kanna peke yake. Agapanthasi, maua ya ndege wa peponi, jabera, helikonia, na kila ua unalolizidisha kwa kupasua shina au tunguu, linafuata sheria hiyo hiyo.

Wewe uliyewahi kuchukua kanna yenye michirizi kutoka kwa mtu, toka nje leo uitazame. Shika jani la chini lililokomaa, liinue juani. Ikiwa mistari imenyooka na mmea una nguvu, ifurahie. Ikiwa imekatikakatika, imeanza ukahawia na maua yana madoa, ing'oe yote na matunguu yake, uyakaushe, uyachome. Kisha umpelekee habari aliyekupa, na kila uliyempa wewe, kabla masika hayajaanza na watu hawajaanza kubisha hodi.